Samaki wa Fundi Vioo

Fundi Vioo alipita mlangoni kwa ubavu. Hata mikono ikiwa mitupu, hata mlango ukiwa mpana wa kupitisha ng'ombe wawili, alitanguliza bega, kisha mwili ukafuata polepole. Watu wa mji wa Kisii walimcheka. Yeye alisema amebeba kioo mgongoni kwa muda mrefu, mwili haujui tena siku ambayo hakipo.

Jina lake ninalijua. Hakuna aliyelitumia, na nikiliandika hapa nitaona kama ninamzungumzia mtu mwingine. Alikuwa mmoja wa Waislamu wa mjini, wale ambao ukiwauliza wametoka wapi wanakuonyesha nyumba yao. Kazi yake ilikuwa kutia vioo madirishani. Alitia vioo katika maduka ya Wahindi, katika nyumba za misheni, na katika nyumba za wakulima waliouza kahawa yao ya kwanza wakaona aibu kuendelea na dirisha la ubao. Alikwenda kwa miguu hadi Keumbu, hadi Nyakoe, na kupanda vilima vya Nyamira, amefunga vioo mgongoni ndani ya fremu ya mbao iliyojazwa nyasi. Alitembea katikati ya barabara. Lori likipiga honi, lori ndilo lililongoja.

Nyumbani kwetu palikuwa chini ya kilima cha Nyanchwa, nasi tulikuwa Wasabato wa kushika kila kitu. Nilimfahamu tangu nilipokuwa shule ya msingi, kwa sababu karakana yake ilikuwa njiani mwangu. Siku moja nilimweleza kwa majivuno kwamba kioo hutengenezwa kwa mchanga.

"Umeona au umesikia?" akaniuliza.

Nikasema mwalimu ndiye aliyesema.

"Basi sema umesikia."

Maneno hayo aliwaambia watu wote. Alimwambia mhubiri, alimwambia chifu, alimwambia mkewe alipoleta habari za sokoni. Mimi yaliniingia kuliko walivyoniingia walimu wangu wote. Nilipofika chuoni Kampala nilikuwa nikiwauliza wahadhiri hivyo hivyo, kwa Kiingereza, na sikupendwa. Niliacha kusali nikiwa huko. Niliacha kuamini mambo mengi ambayo nilikuwa nimeyasikia tu. Watu nyumbani walisema chuo kimeniharibu. Hawakujua kwamba aliyeanza ni fundi mmoja mwenye chaki kwenye kucha.

Lakini yeye mwenyewe hakunyooka. Hakuamini habari za redio, ila aliamini ndoto za mkewe. Mama huyo akiota maji machafu, Fundi hakubeba kioo siku hiyo. Alikuwa bahili wa pati, ule unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ambao hushikilia kioo kwenye fremu. Kipande kikidondoka, alikiokota, akakifuta, akakirudisha kwenye mkebe. Mtu huyo huyo alitia kioo kizima bure katika nyumba ya mjane mmoja wa Nyakoe, na mama wa watu alipoanza kushukuru akamwambia anyamaze, atamfanya akosee kipimo. Alifunga Ramadhani bila kuruka siku, na Jumamosi hakugonga nyundo hata mara moja, ati Wasabato wamepumzika na yeye hataki kuwa kelele ya mtu. Aliwacheka watu wa vijijini wanaoogopa kuhesabu watoto wao kwa sauti. Kisha alipopata samaki, hakukubali mtu ahesabu samaki wake.

Sasa nimefika kwa samaki.

Palikuwa na Mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa na tangi la kioo sebuleni, lenye samaki walioletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Tangi likaanza kuvuja. Fundi akaitwa. Kazi ilikuwa ya saa moja, yeye akakaa hadi alasiri. Mkewe alifikiri amekamatwa. Aliporudi alisema ameona samaki wadogo kama kipande cha msumari, wenye mstari wa buluu ubavuni unaong'aa bila moto, na nyekundu chini yake, na kwamba wote hugeuka pamoja. Mkewe akamuuliza kama ameona au amesikia. Hadithi hii nilisimuliwa na mama mwenyewe, na kila mara alipofika hapo alicheka hadi akashika ubavu.

Mzungu alipohamishiwa Kericho, alimwachia Fundi samaki hao. Aliwaita tetra, na Fundi akaliacha jina hilo kama lilivyo. Aliwabeba katika debe lililofunikwa blanketi, akatembea katikati ya barabara kama kawaida, na watu wakadhani ni maziwa ya mgonjwa. Tangi alikuwa amekwisha kulitengeneza. Pande nne zilikuwa za kioo kinene, pembe zilikuwa za chuma, na sakafu ilikuwa bapa moja la jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, kutoka Tabaka, kwa sababu kioo hakiwezi kukaa juu ya moto na jiwe lile linaweza. Chini ya jiwe aliweka koroboi iliyozungushiwa bati. Kisii kuna baridi, na samaki wale walitoka nchi ya joto. Koroboi iliwaka mchana na usiku, moto wake mdogo kama punje ya mahindi. Ikiwaka sana maji yangechemka, ikipungua samaki wangeganda. Kila asubuhi alikata utambi kwa mkasi na kuupima kwa ncha ya kidole.

Baadaye aliwatia wenyeji pia, samaki wadogo wa kijivu aliowakinga kwa kikapu katika kijito cha Nyakoe, na konokono wa kusafisha. Kulikuwa na mwenyeji mmoja aliyewang'ata wengine mapezi. Huyo alimrudisha kijitoni mwenyewe, kwa miguu, akamtukana njia nzima.

Mjini walimtania bila huruma. Mwenye duka la jirani alimwuliza kila asubuhi kama mboga imekomaa. Mwingine alimshauri awakaange wote, huenda wakatosha jino moja. Wazee waliokuja sokoni kutoka milimani, ambao samaki kwao ni chakula cha watu wa ziwani, waliingia, wakatazama, wakauliza anawafuga ili iweje. Aliwajibu kwamba nao wanafuga paka. Walisema paka anakamata panya. Fundi akasema basi wao wakamtazame paka wao, wamwache yeye.

Nikiwa likizo nilikuwa nikikaa pale siku nzima. Tulikuwa na ubishi mmoja uliodumu miaka. Mimi nilisema kundi lile haliwezi kugeuka pamoja bila kiongozi. Lazima yuko mmoja anayeanza. Wakati ule kila mtu nchini alikuwa akitafuta nani anaongoza nani, na mimi nilikuwa kijana wa chuo, nilikuwa na majibu. Fundi alisema hayupo.

"Basi nionyeshe," alisema. "Si unaye? Nyoosha kidole."

Nilinyoosha kidole kwa yule aliyekuwa mbele. Kundi likageuka, na yule wa mbele akawa wa mwisho. Nilinyoosha kwa mwingine. Nilikaa hapo tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, nikimwonyesha viongozi kumi na zaidi, naye akiendelea kukata vioo bila kuniangalia. Mwishowe alisema ninafanana na mtu anayekamata moshi. Kitu kimoja tu alikijua kwa hakika, alichokiona kwa macho yake. Wakipungua chini ya sita, hawageuki tena. Kila mmoja anajificha kivyake, rangi inapauka, anakufa. Aliliona hilo kwa Mzungu.

Maji yao yalikuwa ya rangi ya chai. Fundi alitia majani makavu ya mpera, akayaacha yalale chini hadi yaoze. Kioo cha nyuma kilikuwa na ukungu wa kijani ambao hakuugusa. Nilimwambia, si mara moja, kwamba maji yale yamejaa vijidudu. Nilikuwa nimeviona kwa hadubini chuoni, kwa hiyo safari hii ningeweza kusema nimeona. Yeye alisema maji mapya hayana adabu, yanahitaji kukaa na ya zamani kidogo kidogo, kikombe kimoja kwa siku, tena kikombe kilicholala nje siku tatu katika chungu kipana. Mimi nilicheka. Nilimwambia maji hayana adabu wala ukosefu wa adabu.

Wakati huo macho yake yalikuwa yanakwisha. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Vioo alivikata kwa kupapasa, kwa ile almasi yake, kalamu ndogo yenye ncha ya kukatia, na havikutoka vibaya. Nyuso aliziona kama kivuli. Aliniambia kitu pekee ambacho bado kilimfikia vizuri ni ule mstari wa buluu, jioni kabla ya kuwasha taa ya ndani, wakigeuka. Kisha hospitali moja ya Kisumu ikakubali kumpasua jicho la kulia. Ilibidi akae huko wiki mbili na zaidi, amelala chali. Mkewe angekwenda naye.

Aliniomba mimi nibaki na samaki. Si mwenye duka, si jamaa zake. Alisema, "Wewe unauliza kila kitu, hutafanya jambo bila sababu."

Maagizo yalikuwa machache. Chakula ni chenga za mayai makavu, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Maji ni kikombe kimoja kutoka chungu cha nje. Kioo kisiguswe. Koroboi isizimike. Asubuhi ya safari alikata utambi kwa mara ya mwisho, kwa macho yale yale, akaupima kwa kidole, akaniambia mafuta tu ndiyo ya kuongeza.

Nilifuata maagizo siku tisa. Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa.

Asiyelelewa katika nyumba ya Wasabato hawezi kujua Ijumaa ni nini. Ni siku ya matayarisho. Kabla jua halijazama kila kitu kiwe kimeoshwa. Sufuria zinasuguliwa kwa majivu hadi zikuonyeshe uso, sakafu inapakwa upya, nguo zinapigwa pasi, maji ya kunywa ya kesho yanachemshwa leo na kufunikwa. Jua likizama juu ya kitu kichafu, kama mama yangu alivyotulea, ni kana kwamba umemkaribisha mgeni mkubwa ukamkalisha kwenye tope. Nilikuwa nimeacha kusali miaka miwili. Nilijiona huru kabisa. Lakini Ijumaa ile, saa nane mchana, baada ya kumsaidia mama kusugua na kuchemsha tangu asubuhi, niliingia katika karakana ya Fundi, nikaliona lile tangi na maji yake ya chai na ukungu wake wa kijani, na mikono yangu haikuweza kuvumilia.

Akili ilikuja nyuma kuleta sababu. Nilijiambia nitamfanyia hisani. Atarudi na jicho jipya, ayakute maji safi, awaone samaki wake kama hajawahi kuwaona. Nilijiambia vijidudu. Niliwahamisha samaki kwenye beseni. Nikamwaga maji yote uani. Nikasugua vioo kwa majivu na mchanga, nikasugua jiwe, nikatupa majani. Kisha nikajaza tangi kwa maji ya nyumbani kwetu, madebe matatu, yaliyochemshwa na kupoa, yasiyo na kijidudu hata kimoja. Nikawarudisha.

Kwa muda mfupi niliona uzuri ambao sijapata kuuona tena. Mistari ya buluu ilikata maji kama mtu anayechora kwa kalamu ya moto. Baadaye kundi likavunjika. Hawakuwahi kuvunjika mbele yangu. Walipanda juu mmoja mmoja, midomo ikigusa uso wa maji, ikifunguka na kufungika. Nilidhani wana njaa. Nikawapa chakula, nikaondoka kabla ya jua kuzama kwa sababu mama alikuwa akiningoja.

Asubuhi ya Sabato familia ilikwenda kanisani, mimi nikaenda karakana. Walikuwa wamelala juu ya jiwe, tetra na wenyeji pamoja, na buluu haikuwepo tena. Walikuwa wa rangi ya karatasi. Koroboi iliwaka vizuri chini yao. Jiwe lilikuwa na joto.

Maji yakichemshwa hewa iliyomo ndani yake inatoka. Samaki anavuta hewa hiyo. Jambo hili nililisoma mwaka wa kwanza, nililifanyia mtihani, na nilipata alama nzuri.

Niliwafukia nyuma ya nyumba, penye migomba. Siku zilizobaki nilitunga jinsi ya kumwambia, na nilitunga vizuri, kweli yote tangu mwanzo. Siku ya kurudi kwao, koroboi ilikuwa bado inawaka chini ya maji matupu. Nilisikia basi la Kisumu likipanda mlima. Nikainama, nikauzima moto kwa vidole viwili.

Fundi aliingia kwa ubavu, amevaa miwani yenye kioo kinene jicho moja, ngozi ya kuzunguka jicho imepauka kwa bandeji. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Alisimama.

"Taa ilizimika, Fundi," nikasema. "Ijumaa usiku. Nilipofika asubuhi ilikuwa imezimika."

Nilingoja aniulize. Mtu aliyeniuliza maisha yangu yote kama nimeona au nimesikia, nilingoja aniulize swali moja, na nina hakika lingetosha kunivunja. Hakuuliza. Alichuchumaa, akaitoa koroboi, akaushika utambi.

"Niliukata mfupi," akasema. "Niliukata mwenyewe asubuhi ile. Sikujua."

Mkewe alimwambia si yeye, ni macho.

"Macho hayashiki mkasi," akajibu. "Ni mkono."

Nami nilikuwa nimesimama hapo. Siku tano baadaye nilirudi Kampala.

Habari nyingine nilizisikia Krismasi. Jicho lilipona vizuri, alikuwa akisoma hata maandishi ya mkebe wa chai. Lakini hakukata kioo tena. Mwenye duka alimletea kazi ya dirisha, akapima mara saba, akaweka almasi juu ya kioo, akaiondoa. Alisema kama mkono ulimdanganya kwenye utambi, ambao aliukata kila siku, na yeye asihisi chochote, basi hajui umemdanganya mara ngapi. Almasi aliiuza kwa fundi kijana. Tangi alilifungua, vioo vinne akavigawa. Kimoja kiko hadi leo katika dirisha la jiko la jirani. Nilijiambia ni uzee. Hilo nilijiambia kwa miaka mitatu, na sikujiuliza kama nimeliona au nimelisikia.

Mwaka huu nimeanza kufundisha sayansi. Nilichemsha maji mbele ya darasa, nikawaonyesha mapovu, nikawaambia ile ndiyo hewa inayotoka. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, ukitia samaki humo? Nilijibu kwamba tutalifikia somo hilo baadaye. Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Keumbu, maana nilikuwa nimesikia Fundi anauza vitu huko.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya turubai, ameupa mgongo ukuta wa duka. Alipanga vioo vya taa, tambi, na sabuni. Aliniona kabla sijamwona.

"Msomi," alisema. "Bwakire. Au siku hizi mnaamkiana kwa Kizungu?"

Tulizungumza kidogo. Aliniuliza ninafundisha nini, na kama watoto wananisumbua. Nikasema wananisumbua. Kisha nikamwambia.

"Fundi, ile taa haikuzimika."

Nilimweleza yote, Ijumaa, majivu, maji ya kuchemshwa, midomo yao juu ya maji. Katikati alikuja mama mmoja kutafuta kioo cha taa, Fundi akamuuliza ni taa ya namna gani, akamchagulia, akapokea pesa, akaniashiria niendelee.

"Iliwaka siku zote?"

"Siku zote. Niliizima mimi kwa vidole, basi likiingia."

"Kwa hiyo utambi ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Na mkono."

"Na mkono, Fundi."

Alizinyoosha tambi juu ya turubai, moja moja.

"Kuna siku," alisema, "mke wangu akinipa chai, ninamwambia aishikilie hadi ifike mezani. Miaka mitatu. Anaishikilia. Yule Mzungu alipita mwaka jana akirudi kwao. Alisimamisha gari, akasema ana samaki wengine, kama nawataka. Nikamwambia mimi si mtu wa kushika moto tena."

Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa Kiswahili, na kwa kuwa kilinipungukia, nikaongeza kwa Kikisii. Aliokota kioo kimoja cha taa, vile vyembamba ambavyo vikigongwa kidogo vinapasuka, akakifuta kwa shati. Akakishika ukingoni kwa ncha za vidole viwili, akakiinua juu kulielekea jua kutafuta ufa, akakigeuza polepole hadi kikazunguka chote.

Niliutazama ule mkono. Haukutetemeka hata kidogo.

"Sogea," akasema. "Umenizibia mwanga."

Nikasogea.